Kesi husikilizwa mlango wazi: je, mshtakiwa hana siri?

Kila tunaposoma habari za mahakamani, ujumbe wa wasikilizaji huja wa aina mbili. Wa kwanza huuliza: "Mbona mmemtaja kwa jina na mahakama haijasema kama ana kosa? Akishinda kesi, heshima yake nani atamrudishia?" Wa pili huuliza kinyume chake: "Mbona mmesema tu 'mkazi mmoja wa wilaya hii'? Mnamficha nani, na kwa nini?"

Wote wawili wana hoja. Wa kwanza anatetea haki ya mtu kutohukumiwa kwa maneno ya mtaani. Wa pili anatetea haki ya wananchi kujua mahakama yao inafanya nini. Sheria za nchi yetu zinazitambua haki zote mbili, na kuna wakati zinagongana. Katika makala haya tunaeleza zinagongana wapi, sheria inasemaje, na kwa nini jibu linategemea kesi imefika hatua gani. Sheria tunazoeleza ni za Tanzania Bara, ila pale inapofaa tunachungulia na kwa wengine.

Kwa kifupi, msimamo wetu ni huu. Kabla mtu hajafikishwa mahakamani, jina lake lilindwe. Akishafikishwa, kesi isikilizwe wazi, na wa kwanza kufaidika na uwazi huo ni yeye mwenyewe. Kesi ikiisha, matokeo yatangazwe kwa sauti ileile iliyotangaza mashtaka.

Mtuhumiwa, mshtakiwa na aliyetiwa hatiani

Tuanze na maneno, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huumizwa.

Mtuhumiwa ni mtu anayedhaniwa kuwa ametenda kosa. Anaweza kuitwa kituo cha polisi asubuhi, akahojiwa, na jioni akarudi nyumbani bila kufunguliwa kesi yoyote. Mshtakiwa ni mtu aliyefikishwa mahakamani na kusomewa mashtaka. Aliyetiwa hatiani ni yule ambaye mahakama imeamua kuwa ametenda kosa, ama baada ya kusikiliza ushahidi au baada ya yeye mwenyewe kukiri. Hata ndani ya gereza watu si wa aina moja: mahabusu anasubiri kesi yake, mfungwa anatumikia adhabu.

Mtaani wote hawa huitwa jina moja: mwizi, muuaji, mbakaji. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza jambo hilo. Ibara ya 13(6)(b) inasema mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai asitendewe kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Na Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupata habari. Ibara hizo tatu zimo katika Katiba moja, wala hakuna inayofuta nyingine.

Ili tuelewane, tumchukulie kijana mmoja wa mfano. Ana miaka 24, anaendesha bodaboda, na amekamatwa kwa tuhuma za kuiba magunia sita ya alizeti ya jirani. Tutamfuata hatua kwa hatua.

Kwa nini mlango wa mahakama uko wazi

Watu wengi hudhani kesi husikilizwa hadharani ili mshtakiwa aone aibu. Sababu ni nyingine kabisa.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaagiza kwamba mahali panaposikilizwa kesi ya jinai pawe mahakama ya wazi ambayo watu wanaweza kuingia, kwa kadiri nafasi inavyotosha. Huhitaji kuwa ndugu wa mshtakiwa wala kuwa mwandishi wa habari. Unaingia, unakaa kimya, unazima simu, unasikiliza.

Uwazi huo unamlinda kijana wetu kwa njia nne. Kwanza, hakimu anayefanya kazi mbele ya watu anajua kwamba watu wanaona. Akimnyima mshtakiwa nafasi ya kumuuliza shahidi maswali, ukumbi mzima umeona. Pili, shahidi anayetaka kusema uongo huona ugumu zaidi anaposimama mbele ya majirani wanaojua siku hiyo ya alizeti alikuwa mnadani. Tatu, mtu mwenye taarifa ya kusaidia anaweza kusikia habari za kesi na kujitokeza: "Jamani, siku hiyo kijana huyu ndiye aliyempeleka mke wangu zahanati." Nne, ndugu zake wanajua yuko wapi. Mtu anayeshikiliwa na kuhukumiwa kwa siri anaweza kupotea bila mtu kuuliza.

Uwazi unaisaidia jamii pia. Chukua suala la dhamana. Kijana wetu akirudi kijijini siku mbili baada ya kukamatwa, wengi watasema kahonga. Aliyekuwepo mahakamani anajua ukweli: dhamana ni haki kwa makosa mengi, wadhamini walijitokeza wakasaini, na kesi bado inaendelea. Ni kwa makosa machache mazito tu, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, ambapo sheria inazuia dhamana. Bila mlango wazi, pengo la taarifa hujazwa na uvumi.

Majirani zetu wa Kenya wameyaweka mambo haya pamoja. Ibara ya 50 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inampa mshtakiwa haki ya kuhesabiwa kuwa hana hatia, na hapohapo inampa haki ya kusikilizwa hadharani. Zote mbili zimeandikwa kama haki za mshtakiwa. Hilo linatosha kuonyesha kwamba mahakama ya wazi haikutungwa ili kumdhalilisha mtu.

Lakini jina likichafuka, nani atalisafisha?

Hata hivyo hofu ya msikilizaji wetu wa kwanza ni ya kweli. Mjini mtu anaweza kuhama mtaa. Kijijini jina lako ndilo duka lako, ndilo shamba lako la kukodi, ndiyo posa ya mwanao. Anayeitwa mwizi hakopeshwi mbolea, hapewi pikipiki ya mkataba, na kwenye kikoba huondolewa hata kama hajawahi kuchelewesha hisa.

Kuna hatari mbaya kuliko hiyo. Tunaishi katika nchi ambako watu wameuawa na kundi lililojiita "wananchi wenye hasira kali" kabla polisi hawajafika. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na mtu mmoja akasema ni wachawi. Macho mekundu yanaweza kutokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mahali pa namna hiyo, kutaja jina la mtu pamoja na tuhuma ni jambo linaloweza kuua.

Na kuna hatari kwa haki yenyewe. Kesi ya magunia sita ya alizeti inaweza kabisa kusikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Huko hakimu anaweza kukaa na washauri wa mahakama, ambao ni wananchi wa kawaida.  Washauri hao wanasikiliza redio kama wewe. Wana simu na wamo kwenye makundi ya WhatsApp. Ikiwa kwa wiki tatu wamesoma kwamba kijana yule ni "jambazi sugu", watamsikilizaje kwa moyo mweupe? Tuna msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Barazani msemo huo unapita. Mahakamani lisemwalo halipo mpaka lithibitishwe.

Hatua ya kwanza: kabla ya mashtaka

Kijana wetu amekamatwa jana usiku. Leo asubuhi kuna mtu amempiga picha akiwa kwenye gari la polisi, amefungwa pingu, na picha inazunguka. Hajasomewa mashtaka. Huenda kesho polisi wakagundua kwamba magunia yalihamishwa na mwenyewe.

Hapa ndipo faragha inapaswa kuwa na nguvu kuliko uwazi. Hakuna mahakama iliyokaa, hakuna ushahidi uliotolewa, na yeye hana nafasi ya kujibu. Ukimtaja sasa, unatoa upande mmoja tu, na upande huo wenyewe haujapimwa na mtu.

Nchi ambayo mahakama zetu zilirithi kwake taratibu nyingi, yaani Uingereza, imelijifunza hilo kwa gharama. Mwishoni mwa mwaka 2010 mwalimu mstaafu aitwaye Christopher Jefferies alikamatwa katika mji wa Bristol kwa tuhuma za kumuua mpangaji wake. Magazeti yalimwandika kwa namna iliyomfanya aonekane mtu wa ajabu na wa kutisha. Hakuwa na kosa. Mwaka 2011 mtu mwingine alitiwa hatiani kwa mauaji hayo. Mwaka huohuo magazeti nane yalimlipa Jefferies fidia, na mawili kati yake, Daily Mirror na The Sun, yakatozwa faini kwa kuidharau mahakama: la kwanza pauni 50,000 na la pili pauni 18,000.

Mwaka 2014 polisi wa huko walikwenda kupekua nyumba ya mwanamuziki Cliff Richard, na BBC ikaonyesha upekuzi huo kwa kutumia helikopta. Hakukamatwa wala kushtakiwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki yake ya faragha ilivunjwa, na akapewa fidia ya pauni 210,000. Kisha Februari 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliweka kanuni pana: mtu anayechunguzwa kwa jinai, kabla ya kushtakiwa, kwa kawaida ana haki ya kutarajia kwamba habari za uchunguzi huo hazitatangazwa.

Maamuzi hayo hayazifungi mahakama zetu. Lakini hapa kwetu pia mwelekeo upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za makosa ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, zinazohitaji uangalifu kuliko taarifa za kawaida. Ndiyo maana mtu akiwa bado mikononi mwa polisi, sisi husema "mkazi mmoja" au "kijana wa miaka 24". Tunafanya hivyo kwa tajiri na kwa maskini. Tunamtaja mapema pale tu usalama wa watu unapodai hivyo, kwa mfano polisi wakimtafuta mtu hatari aliyetoroka.

Hatua ya pili: kesi ikiwa mahakamani

Sasa kijana wetu amesimama kizimbani. Amesomewa mashtaka, amekana. Kuanzia hapa mambo yanabadilika. Jina lake, umri wake, kosa analoshtakiwa na alichojibu ni mambo yaliyosemwa mahakamani mbele ya watu. Kuyatangaza kwa usahihi ni sehemu ya uwazi tuliousema.

Wengine hutuuliza kwa nini tusitaje jina la kwanza tu, kama yanavyofanya magazeti mengi ya Ujerumani, ambayo huandika jina la kwanza na herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Kwenye mji wa watu milioni mbili njia hiyo inamficha mtu. Kijijini ukisema "Juma K., dereva wa bodaboda", hujaficha kitu. Umewaachia watu wabahatishe, na Juma K. wako wawili. Yule wa pili, asiyehusika na alizeti ya mtu, ndiye atakayenyimwa abiria. Jina kamili na umri humlinda asiyehusika, na hiyo ni sababu mojawapo ya waandishi kuvitaja.

Lakini uwazi wa mahakama haufungui kila kitu cha mshtakiwa. Ugonjwa wake, ndoa yake, majina ya watoto wake, dini yake na kabila lake, hayo yote hayana nafasi katika habari kama hayahusiani na shtaka. Makosa aliyowahi kuyatenda zamani yasiletwe redioni wakati kesi ya leo inaendelea. Na picha ya mama yake akilia nje ya mahakama haimsaidii mtu yeyote kujua ukweli.

Pia tunapaswa kueleza vizuri ukimya wa mshtakiwa. Katika kesi za mauaji mara nyingi utasikia kwamba mshtakiwa "hakutakiwa kujibu chochote". Wasikilizaji wengine hudhani alikosa la kusema. Sababu ni kwamba mahakama aliyofikishwa mwanzo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Kesi hiyo husikilizwa Mahakama Kuu, na huko ndiko ataulizwa kama anakiri au anakana.

Pale mlango unapofungwa

Kuna kesi ambazo sheria yenyewe imeufunga mlango, wote au nusu.

Kesi inayomhusu mtoto anayeshtakiwa, yaani aliye chini ya miaka 18, husikilizwa na Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Si mahali pa watazamaji, na hairuhusiwi kutangaza jambo litakalomtambulisha mtoto huyo. Sababu inaeleweka: kosa la mtoto wa miaka 14 lisimfuate mpaka siku anapotafuta kazi.

Kesi za makosa ya kujamiiana, kama ubakaji na ulawiti, zina utaratibu wake. Ushahidi husikilizwa faraghani, na sheria inakataza vyombo vya habari kutangaza ushahidi huo na mashahidi waliohusika. Kinachofichwa hapo ni ushahidi na mashahidi. Lengo ni kumlinda aliyetendewa. Mshtakiwa bado anasomewa mashtaka, na hukumu bado inatolewa.

Hapa ndipo penye fundo gumu kuliko yote. Tuseme baba anashtakiwa kwa kumbaka binti yake. Ukimtaja baba kwa jina, umemtaja binti, hata kama hukutamka jina lake. Kijiji kizima kinajua nyumba ile ina mabinti wangapi. Kwa hiyo mshtakiwa wa namna hii anaweza kufaidi kufichwa jina, na faida hiyo hakukusudiwa yeye. Huwa tunachagua kati ya mambo mawili: kumtaja mshtakiwa bila kusema ana uhusiano gani na mtoto, au kusema uhusiano bila kumtaja mtu wala kijiji. Vyote viwili kwa pamoja havifai. Redio moja ikitoa jina na nyingine ikatoa uhusiano, msikilizaji ataunganisha, na mtoto ameshaanikwa. Kwa hiyo ukisikia habari ya aina hiyo haina jina, usidhani kuna mtu mkubwa anafichwa. Huenda anayefichwa ana miaka tisa.

Ufungaji wa mlango uwe wa sababu kama hizo. Mtu kuwa maarufu, kuwa kiongozi wa chama cha ushirika, au kuona aibu mbele ya wakwe si sababu. Tukianza kufunga kwa ajili ya aibu, wenye uwezo ndio watakaofungiwa milango, na mwendesha bodaboda ataendelea kusikilizwa peupe.

Hatua ya tatu: baada ya hukumu

Kijana wetu ameshinda kesi. Shahidi wa upande wa mashtaka alijichanganya, na mwenye alizeti hakuweza kuonyesha kwamba magunia yaliyokutwa yalikuwa yake. Mahakama imemwachia huru. Siku hiyo ukumbi una watu watatu, maana wote waliokuja siku ya kwanza wamekwenda kuvuna.

Hapa ndipo haki inapopotea mara nyingi. Kukamatwa huwa ni habari kubwa. Kuachiwa huru hupita kimya. Tunaamini kwamba chombo kilichotangaza mashtaka kina deni la kutangaza mwisho wake, katika taarifa ileile na saa ileile. Na deni hilo lipo hata kwako uliyesambaza.

Lakini msikilizaji ajue kutofautisha maneno, kwa sababu si kila anayetoka ameshinda:

Kupewa dhamana maana yake kesi inaendelea, ila mshtakiwa anatokea nyumbani.

Shauri kuondolewa ni pale Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, anapoiambia mahakama kwamba hana nia ya kuendelea. Mshtakiwa anaachiwa, lakini sheria haizuii kumshtaki tena baadaye kwa jambo lilelile. Wengine wamewahi kukamatwa hata kabla ya kutoka nje ya jengo.

Kutokuwa na kesi ya kujibu ni pale upande wa mashtaka umemaliza ushahidi wake na mahakama ikaona hautoshi hata kumtaka mshtakiwa ajitetee. Huyo anaachiwa huru.

Kuachiwa huru baada ya hukumu maana yake mahakama imesikiliza pande zote na haikumwona na hatia. Upande wa mashtaka unaweza kukata rufaa.

Msamaha wa Rais unamtoa mfungwa gerezani. Hausemi kwamba hakutenda kosa.

Kuna na suala la mtandao. Zamani gazeti la jana lilifungiwa maandazi likasahaulika. Leo habari ya kukamatwa kwa kijana wetu inaweza kusomwa na mwajiri wake miaka 10 ijayo. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani nazo huwekwa kwenye mtandao wa TanzLII, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma bure. Hilo ni jambo jema, maana hukumu ina sababu ndani yake, nayo huonyesha nani alishinda. Habari ya kukamatwa isiyo na mwisho ndiyo yenye madhara. Kwa hiyo kwenye tovuti yetu, mtu akituletea nakala ya hukumu inayoonyesha ameachiwa huru, tunaiweka taarifa hiyo juu kabisa ya habari ya zamani. Hatuifuti ile ya zamani, kwa sababu ni kweli alishtakiwa, na jamii inahitaji kujua hata mashtaka yaliyoshindwa. Akihesabu mashtaka yaliyoshindwa, mwananchi anaweza kuuliza kama watu wanakamatwa kwa sababu za msingi.

Simu yako nayo ina wajibu

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu kuwa ameidharau mahakama mtu anayesema au kuandika, wakati kesi inaendelea, jambo linalopotosha mwenendo wa kesi au linaloweza kuwafanya watu wamwegemee mmoja wa wahusika. Kutangaza ushahidi uliotolewa faraghani nako ni kosa. Sheria haikusema "mwandishi wa habari", imesema mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inaadhibu kusambaza taarifa za uongo kwa kukusudia kupotosha. Wewe unayesambaza kwenye kundi la kijiji lenye watu 200, kwa siku hiyo umekuwa redio.

Basi kabla hujabonyeza, jiulize mambo manne. Je, mtu huyu ameshafikishwa mahakamani? Kama bado, acha. Je, ujumbe huu unamwita mshtakiwa au unamwita mwizi? Je, kuna mtoto au aliyefanyiwa ukatili atakayetambulika? Na kesi ikiisha kwa kushinda, utakumbuka kutuma na hilo?

Kama wewe ndiye uliyetajwa, au ndugu yako, kuna mambo ya kufanya. Tunza hati ya mashtaka na tarehe zote za kesi. Kesi ikiisha, omba nakala ya hukumu mahakamani. Nenda nayo kwenye chombo kilichotangaza habari zako, ukiomba mwisho wa kesi utangazwe. Kikikataa au kama kilisema uongo, unaweza kupeleka malalamiko TCRA, kwenye Kamati ya Maudhui, kwa redio na televisheni, au kufungua madai ya kashfa mahakamani. Huna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria; ofisi ya kata au ya maendeleo ya jamii wilayani inaweza kukuelekeza walipo.

Na kama huna kesi yoyote, bado una nafasi. Siku ukienda mjini kuuza mazao na ukapita karibu na mahakama, ingia ukae nusu saa. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo yanayosemwa unaweza kuyafuata. Usiende kumtazama mshtakiwa tu. Mtazame na hakimu, mwendesha mashtaka na shahidi, kwa sababu mlango ule uliachwa wazi ili nao waonekane.